Wasomaji Wanauliza: Kihisi joto kinaposoma zaidi

SWALI: Nimefunga kihisi cha Pt100 (kihisi joto cha platini) chenye waya mbili kwenye tangi la maji, nikakiunganisha kwa shaba ya milimita mraba 0.5 hadi kwenye kidhibiti kilicho umbali wa mita 20. Kipimajoto cha kioo kinasoma nyuzi 60, kidhibiti karibu 64. Nimebadilisha kihisi, hali ni ileile.

JIBU: Usikitupe kile cha kwanza, huenda ni kizima. Pt100 ina ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Joto likipanda kwa nyuzi 1, ukinzani huongezeka kwa takriban omu 0.385. Kidhibiti hakijui omu zipi ni za platini na zipi ni za waya. Kwenda na kurudi una mita 40 za shaba, na kwa unene huo ni omu 1.4 hivi. Gawanya kwa 0.385: nyuzi 3.6. Kilichobaki kitafute kwenye skrubu zilizolegea.

Hakikisha hivi: zima umeme, chomoa waya kwenye kidhibiti, ziunganishe pamoja upande wa kihisi, kisha pima kwa maltimita. Toa omu ambazo maltimita yenyewe huonyesha ncha zake zikigusana.

Unaweza kupunguza nyuzi 3.6 kwenye mipangilio ya kidhibiti, lakini ukinzani wa shaba nao hubadilika hewa ikipata joto. Dawa ni waya wa tatu, kama kidhibiti chako kinaupokea. Uanzie kwenye kichwa cha kihisi, na zote tatu ziwe na urefu na unene mmoja. Wengi huunganisha daraja fupi (kipande cha waya) kati ya terminali za kidhibiti na kudhani wamemaliza. Hapo kosa linabaki palepale.

SWALI: Themokapo yangu ya aina K (kihisi joto cha waya mbili za metali tofauti) kwenye tanuri inasoma chini kwa nyuzi kama 50. Niliirefusha kwa waya wa kawaida wa shaba.

JIBU: Shaba ndiyo inayokudanganya. Kidhibiti hufidia joto la terminali zake chenyewe, ilhali maungio ya themokapo na shaba yapo karibu na tanuri. Maungio yakiwa nyuzi 80 na kidhibiti 30, utapungukiwa 50. Tumia waya wa kurefushia wa aina K mpaka kwenye terminali, chanya kwa chanya. Ukiugeuza ncha zote mbili, kosa huwa maradufu.