Harufu ya mawese na sura ya bibi yako

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako niliisoma mara mbili siku ile ile ilipofika, kisha nikakaa nayo wiki nzima kabla ya kushika kalamu, kwa sababu uliyoyauliza si ya kujibiwa kwa simu.

Umeniandikia kwamba ulikuwa ukipita sokoni Temeke, ukamkaribia mama lishe aliyekuwa akikaanga vitunguu kwa mawese, na kabla hujatambua harufu ile ni ya nini, koo likakukaba na machozi yakakutoka mbele za watu. Ndipo ukamwona bibi yako ameketi barazani kwetu, mvua inanyesha, amejifunga kanga nyekundu, anakuita Kanyoni. Ukauliza mambo matatu: kwa nini harufu imemrudisha ilhali picha yake iliyo ukutani kwako huitazama kila siku bila kutikisika, kama ulichokiona ni kweli au umekitunga mwenyewe, maana ulikuwa na miaka saba tu alipofariki, na kama naweza kukutumia chupa ya mawese uiweke kabatini, uwe unainusa kila unapomtamani.

Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, kwa hiyo utanivumilia nikianza na pua.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna vipande viwili vya utando, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa stempu hivi. Humo ndimo zilimo chembe za neva zinazopokea harufu, na vipokezi vyake kwa binadamu ni vya aina zinazokaribia 400. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, waligundua jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kinachopanda kutoka kwenye sufuria ya mawese ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, kila moja ikiamsha vipokezi vyake, na ubongo huusoma mchanganyiko huo kwa mara moja kama wewe unavyosoma neno zima bila kuhesabu herufi. Jambo linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba chembe hizo hufa na kuota upya maisha yetu yote. Zile zilizonusa mawese ya bibi yako ulipokuwa mtoto zilishakufa zamani sana, lakini zilizochukua nafasi yake zilipeleka nyuzi zao palepale zilipokuwa zimefika zile za kwanza, na kwa sababu hiyo ujumbe unaingia kwa mlango uleule.

Tofauti kubwa na picha yako ya ukutani imo katika njia. Tunayoyaona, tunayoyasikia na tunayoyagusa hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo yasambazwe kwingine. Harufu haianzii huko. Kutoka puani huingia kwenye kitunguu kidogo cha neva kilicho nyuma ya paji la uso, na kutoka hapo hufika mara moja kwenye amigdala, sehemu inayohusika sana na hofu, huzuni na mapenzi, na jirani kabisa na hipokampasi, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya za mambo yaliyomtokea. Ulilia kwanza, ukajua baadaye unamlilia nani. Mwili wako ulifuata mpangilio ulioumbiwa, na usione aibu kwa waliokutazama.

Tena kuna jambo la lugha ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu nipate barua yako. Sisi tunasema tunasikia harufu, kwa kitenzi kilekile cha sauti, lakini harufu zenye majina yake wenyewe ni chache: shombo, vumba, uvundo, na nyingine za kuhesabika. Zilizobaki tunazitaja kwa asili yake: harufu ya mawese, harufu ya mvua, harufu ya mtoto mchanga. Picha ya bibi yako umeisimulia kwa wageni, umeieleza kwa mumeo, umeipangusa vumbi, imezoeana na kochi lako na televisheni yako, na kila mara ulipoieleza imechukua kidogo cha maneno yako. Harufu ile hukuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa hukuwa na neno lake. Ilikaa miaka ishirini na minane bila kuguswa.

Sasa nikueleze harufu hiyo ilikuwa ya nini hasa, maana mama lishe wa Temeke alikupa nusu yake tu.

Bibi yako alikuwa akikamua mawese kule Mwandiga, nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha makuti. Mikungu ya chikichi ililala siku kadhaa hadi punje zikaachia zenyewe, kisha alfajiri akazichemsha ndani ya pipa, na moto wenyewe ulikuwa wa makapi makavu ya chikichi za safari iliyopita, yenye moshi mzito wa mafuta unaokaa katika nguo hata ukizifua. Zikishaiva zilimiminwa kinuni zikiwa za moto na kutwangwa, zikakamuliwa, na maji yale yenye mafuta yakarudishwa jikoni mpaka mafuta yaelee, naye akayaengua taratibu kwa kata. Mikono yake ilikuwa ya rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko, na katika mistari ya viganja rangi hiyo haikutoka kabisa. Mwisho alikuwa na kipimo chake. Alichovya kijiti kikavu kwenye mafuta, akakitia motoni, akainamisha kichwa kusikiliza. Kikitatarika, maji bado yamo. Kikiwaka kimya, aliipua sufuria. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kinu kilicholazwa, unangoja, kwa sababu mafuta ya kwanza hakuyatia kwenye dumu hata siku moja kabla hajadondosha matone machache kwenye kipande cha muhogo wa kuchoma na kukupa mkononi.

Kwa hiyo nikijibu swali lako la pili, nitasema kweli hata kama itakuuma kidogo. Baraza yetu uliyomwona ameketi ilijengwa miaka minne baada ya kifo chake, hakuwahi kuikanyaga. Kanga nyekundu ni yangu, niliyokufunika nayo ulipougua surua. Ubongo wako umechukua vitu vya nyumba hii ukamvika yeye, na hilo hutokea kwa watu wote. Watafiti waliolinganisha kumbukumbu zinazoletwa na harufu na zile zinazoletwa na picha au maneno wameona kwamba za harufu huja na hisia nzito zaidi, lakini usahihi wake hauzidi wa nyingine. Uzito wa machozi haupimi ukweli wa kila kitu ulichokiona.

Lakini mvua ni ya kweli, kwa kuwa kibanda kile kilikuwa kikivuja upande wa kinu na ulikuwa ukirudi umelowa bega moja. Na Kanyoni ni la kweli. Mwanangu, jina hilo nililisahau. Bibi yako pekee ndiye aliyekuita kindege kwa Kiha chake, tena mlipokuwa wawili tu. Mimi nililisikia mara chache nikiwa mbali, wala sikuwahi kukusimulia, kwa sababu mtu hawezi kusimulia alichokisahau. Nilipolisoma katika barua yako nilitoka nje nikakaa. Hakuna picha wala hadithi yangu ingeweza kukupa jina hilo. Ulilitoa kwake mwenyewe.

Wala umri wako wa wakati ule si sababu ya kutilia shaka. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo wazee walipewa maneno, picha na harufu, wakaombwa kusema kila kimoja kinawakumbusha nini maishani. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye miaka ya kati ya 11 na 20. Harufu ziliwarudisha kwenye miaka kumi ya kwanza.

Mimi mwenyewe nina harufu yangu, na sijawahi kukwambia. Babu yako mzaa mama alikuwa mvuvi wa dagaa, na enzi zake dagaa walivuliwa kwa taa za karabai usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Alirudi alfajiri akinuka mafuta ya taa na shombo kwa pamoja, na mimi nilikuwa nikimpokea karabai kabla ya kumpokea ndoo. Leo ukienda mwalo wa Kibirizi wavuvi wengi wanatumia taa za betri na sola. Shombo naisikia karibu kila siku na hainiambii lolote, kwa kuwa ni ya soko, ya jikoni, ya majirani, ya miaka sabini ya maisha yangu. Mafuta ya taa ndiyo yaliyoondoka katika maisha yangu pamoja na baba. Mwaka juzi umeme ulikatika msibani, mwenyeji akawasha kandili karibu na ndoo ya samaki, nami nikanyoosha mikono kupokea taa ambayo hakuna aliyekuwa akinipa. Harufu hizo mbili hazikuwa zimekutana puani mwangu tangu nilipokuwa msichana.

Nakusimulia hayo ili uelewe jibu langu juu ya chupa. Lakini kwanza nikukumbushe ugonjwa wangu wa mwaka 2021, wakati wa korona. Homa iliondoka baada ya wiki mbili, pua ikabaki kama ukuta. Nilipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na sikuona chochote isipokuwa chumvi na moto wa pilipili. Ninyi mlinifariji kwamba ni jambo dogo, nami nikakubali kwa mdomo. Ukweli ni kwamba nyumba ilinihama. Niliingia chumba alichokuwa akilala mama yangu alipokuja kwetu, chumba ambacho miaka yote kilikuwa na harufu yake ya sabuni na tumbaku ya kunusa, na kikawa chumba kama vingine. Baadaye harufu zilianza kurudi zikiwa zimepotoka: kahawa ya Kalinzi ninayoipenda ikawa inanuka kama kitu kilichooza na kuungua.

Daktari mmoja kijana alinieleza zoezi la kunusa ambalo mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walilichapisha mwaka 2009. Mgonjwa hunusa harufu nne asubuhi na jioni kwa wiki kumi na mbili: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Limau, karafuu na majani ya mkaratusi vilipatikana bila shida. Waridi sikuwa nalo, nikaweka mawese mahali pake. Kila siku nilifumba macho mbele ya kikombe kile, nikajilazimisha kukumbuka viganja vya bibi yako huku pua haisemi kitu. Wiki ya tisa, asubuhi, kikombe cha mawese kilinukia, hafifu, kwa pumzi moja. Karafuu ilifuata siku chache baadaye. Haijarudi yote, lakini chumba cha mama yangu kimerudi.

Kwa hiyo mawese nakutumia, ila si ya kuwekwa kabatini na kunuswa. Pua huzoea upesi. Wewe mwenyewe ukiingia nyumba ya mtu unasikia harufu yake, na baada ya dakika chache huisikii tena. Tena ukiifungua chupa kila jioni ukiwa na huzuni, harufu ile itaanza kushikamana na kabati lako, na jioni zako, na huzuni yako ya sasa, na bibi yako atasogezwa pembeni kidogo kidogo kama alivyosogezwa katika picha. Itumie kwa kupikia, mara moja moja, na usiitafute. Itakujia yenyewe siku ambayo hukuitazamia, kama ilivyofanya sokoni.

Nimempa jirani yetu anayesafiri wiki ijayo kidumu cha lita tano, pamoja na samaki wa ziwani, migebuka mikavu niliyoifunga kwa karatasi mara tatu ili abiria wenzake wasilalamike. Mafuta yakiwa yameganda chini, yaweke juani kidogo, usiyachemshe ndani ya kidumu. Unapopika, tia vitunguu kabla mafuta hayajaanza kutoa moshi, kwa maana moto mkali huondoa wekundu wake na harufu inageuka kuwa nyingine kabisa. Hapo ndipo mama lishe wako alipokosea, nadhani, nawe bado ulimpata bibi yako. Na mjukuu wangu, kwa kuwa sasa ana miaka minne, usimfukuze jikoni siku hiyo. Choma kipande cha muhogo, kidondoshee matone machache yaliyopoa, umpe mkononi. Huna haja ya kumweleza chochote.

Mama yako