Seti ya vitu sita au ya vitu viwili? Mafundi wanauliza kuhusu mashine za betri

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi fundi wa jipsam na kuezeka, niko Chanika, nina vijana watatu. Miaka yote tunatumia drili ya waya na ekstensheni ndefuuu, sasa nimepata kazi ya nyumba nne sehemu ambayo umeme haujavutwa bado, nikasema basi sasa nichukue mashine za betri. Nimeenda maduka ya Gerezani, Dar, nimeona seti mbili. Ya kwanza ina vitu sita: drili, impakti (ile ya kufungia skrubu), grainda, msumeno wa duara, tochi na redio, betri mbili za 2.0. Ya pili ni ya kampuni nyingine, ina drili na impakti tu basi, betri mbili za 4.0, na cha kushangaza hii ya vitu viwili ndo imezidi bei kwa elfu sitini! Muuzaji ananiambia mwenye akili anachukua ya sita. Vijana nao washaona redio hawataki kusikia kingine 😂. Nisaidie kaka kabla sijatoa hela.
*Fundi dari, Chanika*

JIBU: Mdogo wangu chukua ya vitu viwili. Ningeishia hapo, ila najua ukirudi dukani na jibu fupi hivyo yule muuzaji atakugeuza ndani ya dakika mbili, kwa hiyo tulia nikupe hesabu yake uende nayo mfukoni.

Betri yoyote iliyoandikwa 18V ukiifungua unakuta vijibetri vya duara vya lithiamu, vitano vimeungwa mkia kwa mkia, kila kimoja volti 3.6, piga mara tano unapata 18. Ikitoka kwenye chaja imeshiba kila kimoja kinasoma kama 4 na kitu, ndo wengine wanaandika 20V. Ni kitu kilekile. DeWalt wenyewe betri wanazouza Marekani kama 20V huku Ulaya wanaziandika 18V, kwa hiyo mtu asikuongezee bei eti hii ni 20 ina nguvu zaidi.

Chungulia namba ya pili, hiyo 2.0 na 4.0, yani ampia-saa, hapo ndo kuna mambo. Zidisha kwa volti, tuseme zote ni za 18V: 18 mara 2 ni 36, 18 mara 4 ni 72. Hizo ni wati-saa, yani ndo mafuta yaliyomo kwenye tenki. Seti ya vitu sita imekupa jumla ya 72 kwa midomo sita, seti ya vitu viwili imekupa 144 kwa midomo miwili. Sasa chukua ile grainda, ukiikandamiza kwenye chuma inaweza kuvuta wati 700 bila aibu. Tenki la 36 gawanya kwa 700... ni kama dakika tatu. Dakika tatu! Hata nondo za dirisha moja hujamaliza unaanza kutafuta pa kuchaji, na umesema umeme hakuna.

Na sio muda tu. Betri ya 2.0 ina vijibetri vitano, ya 4.0 mara nyingi ina kumi, safu mbili zinasaidiana mzigo. Ukiibana kazi nzito ile ndogo inachemka mpaka mkononi unaisikia, na joto ndo linaloua lithiamu kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo betri ndogo kwenye grainda au msumeno wa duara haiishi haraka tu kwa siku, inakufa haraka kwa mwaka. Ndo maana seti ya sita ni rahisi, wamekata kwenye betri wakaongeza tochi na redio ili boksi lisomeke "6". Ukitoa hivyo viwili umebaki na mashine nne, na kati ya hizo nne mbili betri yake haiziwezi. Umerudi palepale, drili na impakti.

Grainda baki na ya waya. Siku ya kukata azima jenereta, kata kila kitu kwa mkupuo mmoja, rudisha. Kwanza wewe kazi yako ya jipsam grainda ya nini sana, chaneli zinakatwa na mkasi wa bati, na bati la rangi ndo usiliguse kabisa na grainda, zile cheche zinaunguza rangi na ukingo unaanza kula kutu kabla mwenye nyumba hajahamia, halafu anakupigia simu wewe.

Impakti na drili sasa, maana watu wanadhani ni kitu kimoja chenye sura mbili. Impakti inapiga huku inazungusha, tatatata, haikugeuzi mkono hata skrubu ikigoma, kwa hiyo juu ya kenchi ni mfalme. Weka kichwa cha 8 mm, funga skrubu za bati, ila sikiliza vizuri: impakti haijui kuacha. Angalia mpira ulio chini ya kichwa cha skrubu. Ukivimba kidogo pembeni, acha hapo. Ukiona umetoka nje umepasuka kama chapati iliyokanyagwa, umepitiliza, na hilo tundu litavuja masika. Mfundishe kijana wako aachie kitufe kabla, sio baada.

Kwenye jipsam geuza, shika drili, maana drili ina ile pete yenye namba nyuma ya mdomo, ukiiweka namba ndogo inakatika yenyewe skrubu ikifika. Kichwa kinatakiwa kizame nusu ya unene wa kucha hivi, karatasi ya bodi isichanike. Karatasi ikichanika ile skrubu haijashika kitu, ni pambo. Kuna biti zenye kikombe kwenye ncha kinachozuia skrubu isizame zaidi, bei ya soda kadhaa tu, nunua tano ukiwa hapohapo Gerezani.

Umesikia neno "hama" kwenye drili? Ile alama ya kinyundo? Hiyo ni ya tofali na plasta. Ndani yake kuna sahani mbili zenye meno zinagongana, nguvu inategemea wewe unavyosukuma. Kwenye lenta ya zege utasukuma mpaka bega lihame. Zege linataka mashine yenye pistoni inayosukumwa na hewa, zile za biti ya SDS, hiyo ni mashine nyingine kabisa na ndo nadhani iwe ya tatu kwako, sio msumeno. Lakini kabla ya mashine ya tatu nunua betri ya tatu. Narudia, betri ya tatu.

Chaja je? Hapo wengi wanapigwa. Geuza chaja uone kwa chini imeandikwa inatoa ampia ngapi. Ikitoa 2, betri ya 4.0 inakula masaa mawili na zaidi. Zipo za haraka, mfano ya Makita ile DC18RC inajaza betri ya 5.0 kwa dakika 45, na ina feni inayopuliza betri kwa chini. Kwako ambako hamna umeme saiti ningesema betri tatu zichajiwe usiku nyumbani, na ya dharura mtafute mama wa kibanda cha kuchaji simu, mpe buku lake, ila mwambie asiweke juani. Na betri ikitoka kazini imechemka usiichomeke palepale, iache ipoe kwanza. Kuna wanaoziacha kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa halafu wanakuja kulalamika kampuni mbovu.

La mwisho ni kampuni gani. Hapa nakwambia kwa machungu yangu. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya vitu vitano, jina silitaji, sanduku zuri kweli lina magurudumu. Baada ya mwaka na nusu betri moja ikafa, nikazunguka Kariakoo yote nikakuta lile duka sasa linauza vyombo vya plastiki, na betri ya mkao ule hakuna aliyewahi kuiona. Mashine tano nzima, hakuna cha kuzisukuma. Ile drili leo inazuia mlango wa stoo usijifunge. Kwa hiyo kabla hujalipa toka nje ya duka, uliza maduka matatu mengine kama wanauza betri ya hiyo kampuni peke yake, bila mashine. Matatu. Yakisema hakuna, rudi nyumbani. Makita wana mkao wao wa 18V tangu 2005 na mpaka leo betri mpya inaingia. Bosch angalia rangi, ya bluu ni ya mafundi, ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani, na betri za 18V za hizi mbili haziingiliani hata ulazimishe. INGCO na Total kwa bei yako ni sawa tu, sina maneno, faida yao kubwa ni kwamba betri unaipata karibu kila mtaa wenye hadiwea.

Redio wanunulie ya elfu ishirini.

SWALI: Shikamoo mzee. Nilinunua drili ya betri hapa Mwanza imeandikwa 88V kubwa kabisa, wakati jirani yangu anatumia ya 18V. Cha ajabu ya kwake inatoboa mbao, yangu inakwama. Nimeuziwa mbovu au ni mimi sijui kutumia?
*Seremala, Nyakato*

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio mbovu na wewe sio mjinga, umeuziwa stika. Chukua chaja yake, geuza, soma palipoandikwa inatoa volti ngapi. Naweka soda, ni 21V. Chaja ya volti 21 inashibisha vijibetri vitano vya lithiamu, hamna namna nyingine, hata kwenye boksi waandike 88 au 128 au mwaka waliozaliwa. Kama una mita ya umeme pima kwenye miguu ya betri, utaona 20 na kitu ikiwa imejaa.

Halafu iweke mkononi. Betri nzima ya 4.0 au 5.0 ya vijibetri kumi ni nzito, inapita nusu kilo. Yako nahisi ni nyepesi kama kipande cha sabuni, ingawa wameandika namba zenye masifuri mpaka zinatisha. Wengine ndani wanaweka vitano na nafasi nyingine tupu.

Usiitupe. Kufunga bawaba, vitasa, skrubu ndogo za kabati itakufanyia. Ila usiibane kwenye mninga halafu ukaitukana.

SWALI: Salaam kaka, mimi ni mwanamke nafanya kabati za jikoni na za nguo hapa Mombasa, nina wafanyikazi wawili. Kakangu yuko Marekani aniambia atanitumia seti kamili ya mashine za betri kwa kuwa kule ni rahisi. Na mjomba yuko Muscat naye asema huko pia zapatikana. Nichukue wapi? Na je abiria anaweza kubeba kwa ndege?
*Mama Kabati, Kisauni*

JIBU: Dada, una bahati ya ndugu, wengine tunaombwa sisi.

Mashine yenyewe haina shida itoke popote, inakula betri, haijui iko nchi gani. Shida ni chaja. Kule kwa kaka umeme ni volti 120 na chaja nyingi za seti zimetengenezwa kwa huo tu, ukiichomeka kwenye 240 ya Mombasa utasikia mlio mmoja na harufu. Labda kama kwa nyuma imeandikwa 100 mpaka 240. Muscat ni 240 kama nyumbani na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa, kwa hiyo seti kamili yenye chaja mwambie mjomba. Kaka naye usimnyime nafasi, mwambie alete mashine tupu za kampuni hiyohiyo, zile zinazouzwa bila betri wala chaja, hapo ndo kuna unafuu wa kweli.

Kwa ndege: betri za akiba zisiwekwe kwenye begi la chini, zikae begi la mkononi na miguu yake izibwe kwa selotepu. Mpaka wati-saa 100 hazihitaji ruhusa. 18 mara 5 ni 90, imepita. 18 mara 6 ni 108, hiyo mpaka shirika la ndege likubali kwanza, kwa hiyo mjomba achukue za 5.0 na asijifanye bingwa. Mashine zenyewe ziende begi la chini.

Ila ngoja nikuulize, kwa kabati mbona uende 18V kote? Unashinda umeinama ndani ya boksi la sentimita 60 unafunga bawaba, mkono umekunjwa, na drili ya 18V yenye betri kubwa ni kama kilo mbili hivi. Zipo ndogo za 12V, vijibetri vitatu tu, zinaingia kwenye kona ambazo kubwa haifiki na jioni kiganja hakiumi. Ningekuwa wewe ningeagiza drili na impakti za 12V kwa ajili ya ndani ya kabati, halafu 18V iwe moja tu ya kutoboa ukutani. Mbao za kukata waachie mashine ya waya pale karakana, umeme si upo.

Na mwambie mjomba aombe risiti yenye jina la duka, mara ya mwisho niliagiziwa nikaletewa chaja ya kunyolea.