Jibu: Geji 12 inakosa kanga, nibane choki zaidi?

Mkuu, umesema bunduki yako ya geji 12 ina choki nzima (choki ni kibano cha mdomo wa mtutu), ndege hao kanga wapo mita 20 na bado unawakosa, sasa unatafuta choki kali zaidi. Unaelekea kubaya. Kwa umbali huo marisaa, yaani vile vipira vidogo vya ndani ya katriji, bado ni fungu dogo: ukiyumba kidogo umekosa, ukimpata unaokota manyoya na nyama iliyosagika. Funga robo choki, au nusu kama wanaruka mbali.

Choki nzima hubana mdomo wa mtutu kama milimita 1, nusu choki nusu ya hapo, robo choki robo yake. Lakini usiamini maandishi ya kwenye choki, pima. Tundika karatasi pana mbele ya kichuguu, rudi mita 36, piga. Chora duara la sentimita 76 palipo na matundu mengi, kisha uhesabu. Choki nzima hutia ndani takriban asilimia 70 ya marisaa, nusu 60, robo 55. Rudia karatasi tano hivi, moja hudanganya.

Risasi nazo zina tabia zake. Marisaa laini hubonyea yakisukumwa kwa kasi, yakapinda njia, ndiyo maana katriji ya mwendo mkali mara nyingi hutawanya zaidi. Mimi kwa kanga natumia marisaa ya saizi namba 5 au 6 yaliyokazwa kwa antimoni (madini ya kuyafanya magumu), mwendo wa kawaida.

Marisaa ya chuma usiyapitishe kwenye choki nzima, hasa bunduki ya zamani. Na toa risasi kabla hujagusa choki!