Bogenvilia yako haichanui kwa sababu unaidekeza

Tangu niposti ile picha ya bogenvilia yangu ikiwa imejaa rangi kuanzia chini mpaka juu ya ukuta, meseji hazikatiki, na nyingi zinauliza kitu kilekile. Dada mmoja kaniandikia: "Mi naimwagilia kila jioni, mbolea naweka, na bado inatoa majani tu, au yako ni aina nyingine?" Hapana dada yangu, aina ni hiyohiyo. Shida ni huko kuidekeza.

Ngoja nitoe jibu kabisa ili wenye haraka waondoke nalo, sisi wengine tubaki tupige stori. Bogenvilia ikipata maji kila siku na mbolea yenye naitrojeni nyingi, yaani ile ya kukuzia majani, inanenepa, inarefusha matawi yenye miiba mpaka inakukera, maua haina habari nayo. Punguza maji. Zamisha kidole kwenye udongo, ukikuta bado kuna unyevunyevu achana nayo, ukikuta pakavu mwagia ya kutosha mpaka yatoke chini halafu isahau tena. Jua ni lazima, lile la moja kwa moja, masaa 6 kwa siku au zaidi. Wengi tunaiweka kibarazani penye kivuli ili tuione tukiwa tumekaa, sasa hapo utakachokiona ni majani. Na kama iko kwenye chungu usikimbilie kuihamishia kwenye kikubwa, mizizi ikibanana kidogo ndiyo inachanua vizuri.

Sasa stori yenyewe. Ule ukuta ulikuwa mtupu, jua linaupiga kutwa nzima na kila nilichoweka pale kilikauka. Siku napanda kale kamche shemeji yangu alipita akacheka, akaniambia maua hayaliwi, napoteza muda na maji. Nikanyamaza. Miezi ya katikati naruka maana hamna cha kusimulia, ni miiba na kusubiri. Ila ilipokuja kuchanua jamani, ilichanua! Watu wakawa wanasimama nje kupiga picha. Siku moja tukapata wageni, mimi natoka na trei mkononi nikamkuta shemeji kasimama mbele ya ukuta wangu anawaeleza, "tuliona hapa pamekaa vibaya tukaamua tupande maua." Tukaamua! Yeye na nani? Sikusema kitu mbele ya wageni ila mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, siwadanganyi.

Ndo maana nilivyokuja kusoma historia ya hili ua nilicheka peke yangu. Jina limetokana na Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeongoza safari ya meli kuizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea kwenye ile safari alikuwa Philibert Commerson, na walilikuta huko Brazil. Ila Commerson alikuwa na msaidizi, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume na kujifanya kijana kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa. Commerson alikuwa anasumbuliwa na mguu, Baret ndo anabeba mizigo na kupanda milima kukusanya mimea, na wapo wanaoamini kwamba hata hili ua yeye ndo alilichuma. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Jina la ua akapewa mkubwa wa msafara. Kwa hiyo hawa wa "tukaamua" hawajaanza leo.

Haya, turudi kwenye kulifaidi, maana wengi tunahangaika ua lichanue halafu likichanua tunapiga picha tunaweka status tunaingia ndani. Umefanya nini sasa? Sogea karibu uliangalie. Ile zambarau au nyekundu unayoisifia siyo ua, ni majani yaliyogeuka rangi, yako matatumatatu, mepesi kama karatasi, ukiyaweka juani unaona mishipa yake yote. Ua lenyewe liko katikati, kamrija kembamba kameupe au ka rangi ya maziwa kanakofunguka juu kama kanyota, na kwa kawaida kila jani limebeba kamoja upande wake wa ndani. Kuna watu wanayo nyumbani miaka na miaka hawajawahi kukaona. Mi huwa natoka asubuhi kabla sijashika simu, nasimama pale nayaangalia tu. Na wewe fanya hivyo, acha simu ndani, hilo ua halina haja na likes zako. Yakidondoka pia msikimbilie ufagio, yanabaki na rangi yake hapo chini kwa muda, pazuri tu.

Mwenye mawaridi asichukue huu ushauri akaenda kuyanyima maji, tutakuja kulaumiana. Waridi linapenda kunywa. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, siyo juu ya majani, maana majani yakikaa na maji unakaribisha yale madoa meusi ya ukungu. Ua likinyauka likate, ukiliacha mti unaanza kushughulikia mbegu badala ya maua mapya. Basi, waridi tutaliongelea siku nyingine.

Kuhusu kupogolea bogenvilia: inachanua kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo subiri rangi ziishe ndo ukate, ukikata wakati matumba yanaanza kutoka umejikatia maua yako mwenyewe. Vaa glavu nzito, ile miiba haina utani. Halafu maji, narudia tena, punguza maji.

Kuna mwingine kauliza kama nauza miche. Siuzi, natoa bure. Ukitaka kuotesha, kata tawi lililokomaa lenye unene wa penseli, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, weka pasipo na jua kali mpaka lichipue. Na tafadhali usiwe unalichomoachomoa kuangalia kama limetoa mizizi, mizizi yake ni laini sana inakatika. Juzi hata shemeji kaja kuomba kwa ajili ya kwake. Nimempa vipande viwili, vizuri kabisa, ila nimemwambia wageni wake wakiuliza awatajie vimetoka kwa nani.