Wadogo zangu wa timu ya rodeo, kabla hamjafunga trela

Jumapili alfajiri nilimkuta mmoja wenu kwenye maegesho ya chuo akijisifu kwamba ameendesha usiku kucha bila kusimama. Farasi wake alikuwa bado ndani ya trela, kichwa chini, jasho limemkaukia mbavuni likaacha chumvi nyeupe. Nilinyamaza, maana ningefungua mdomo ningefoka. Leo nimetulia.

Mnachokitaka nakijua, ndicho nilichokitaka tangu mtoto: kunasa ndama kwa kamba juu ya farasi kwenye rodeo, michezo ya makauboi, za Cheyenne na Pendleton kule Marekani, Calgary kule Kanada, kila uwanja wenye jina, kisha siku moja kuwa miongoni mwa wale 15 bora wanaokwenda fainali za taifa Las Vegas mwezi Desemba. Itafuteni. Ila sikilizeni.

1. Krediti 12 za masomo kwa muhula ndizo tiketi. Ukizikosa, uwe hata unaongoza kanda nzima, fainali za rodeo za vyuo, Casper mwezi Juni, huendi.

2. Ukijiandikisha rodeo usitokee, ada unadaiwa vilevile. Piga hesabu ya mafuta kabla hujapiga simu ya kujiandikisha.

3. Kizuizi, ile kamba ya mbele ya farasi mpaka ndama atangulie! Mnakivunja, mnaongezewa sekunde 10 za adhabu kila wiki, jamani! Chagua alama moja kwenye mwili wa ndama, usimwachie farasi mpaka uione imefika pale unapoitaka.

4. Maji. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili, wiki ya Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, ile tunayoiita Krismasi ya makauboi kwa wingi wa rodeo na zawadi zake. Nilijiandikisha rodeo mbili, moja Colorado, nyingine Montana kesho yake. Farasi hakuwa wangu. Mzee mmoja mfugaji aliniazima, dume aliyehasiwa, mwekundu, mtulivu kwenye boksi la kuanzia kuliko farasi yeyote niliyewahi kumpanda. Tuliondoka Colorado saa nne usiku. Baada ya saa nne za barabara nilisimama kujaza mafuta, nikamwekea ndoo, akanusa, akageuza kichwa. Nikasema atakunywa tukifika. Sikusimama tena.

Alfajiri nilipomshusha alianza kuparaza ardhi kwa mguu wa mbele. Akageuka kutazama ubavu wake, akaparaza tena, akalala, akataka kubingirika. Nikaweka sikio tumboni: kimya, utumbo umesimama. Nilimtembeza kwa kamba saa nzima huku nalia, mpaka daktari wa mifugo akafika, akampitisha bomba la mpira puani hadi tumboni na kummiminia mafuta ya kulainisha utumbo. Jina langu liliitwa uwanjani nikiwa bado namtembeza. Saa tisa alasiri akanya, na sijawahi kufurahia kinyesi cha mnyama kama siku ile.

Alipona. Mzee alikuja kumchukua mwenyewe. Alimshika shingo, akavuta ngozi kwa vidole viwili kuona inarudi upesi au inachelewa kwa kukosa maji, akampakia, akaondoka. Hakunikaripia. Hakuniazima farasi tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifundishwa. Baba yangu aliswaga ng'ombe kwa miguu hadi mnadani miaka na miaka, na hakupita lambo hata moja bila kunywesha, hata jua likizama, hata wanunuzi wakiondoka. Mimi nilikuwa na injini na ndoo, nikashindwa na mtu mwenye fimbo.

Basi: kila baada ya saa nne, simama. Zima injini, fungua madirisha, mwache atulie, mpe maji na nyasi kavu. Farasi wengi hukataa maji ya ugenini kwa sababu ladha yake si ya nyumbani. Beba ya kwenu kwenye madumu, au anza kuyatia molasi kidogo wiki moja kabla ya safari ili azoee, kisha tia molasi ileile huko uendako. Ukiona hajanya tangu mlipoondoka, usimtandike.

5. Rodeo mbili kwa wikiendi zinatosha. Ya tatu hukula usingizi wako na miguu yake.

Wewe wa maegeshoni, madumu yangu mawili yako nyuma ya chumba cha matandiko, yameoshwa. Yachukue kabla ya Ijumaa.