Mchezaji wa watani akija kwetu

Machi 16, 2019 nilikuwa kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, cha mtaani kwetu Mbagala, nimebanwa katikati ya mashabiki wa Simba, moyoni nawaombea AS Vita Club ya Kinshasa. Dakika za mwisho kabisa Clatous Chama akafunga, ikawa 2-1, Simba wakaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mabenchi yalipinduka. Nilitoka kimya kimya na kuanzia usiku ule sikutaka hata kulisikia jina la Mzambia yule. Julai 2024 akasaini Yanga, timu yangu, watani wa jadi wa Simba.

Sikufurahi. Wenzangu kwenye kundi la WhatsApp walituma picha zake akiwa na jezi ya kijani, mimi nikaweka simu pembeni. Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri ni hili: usijilazimishe kumpenda siku ya utambulisho. Mtu aliyekuliza miaka yote hiyo hageuki kipenzi kwa picha moja. Mpe heshima ya mgeni aliyeingia nyumbani kwako. Mapenzi yatamfuata uwanjani, na kwangu yalikuja taratibu sana, pasi baada ya pasi.

Ukiona moyo unagoma, kumbuka historia yetu. Yanga ni ya 1935, na Simba wenyewe walianza 1936 na watu waliojitenga na Yanga. Tumekuwa tukipeana watu tangu hapo. Emmanuel Okwi alitufunga mawili katika zile tano bila za Mei 6, 2012. Desemba 2013 akawa wetu, nasi tukamshangilia. Mwaka uliofuata akarudi Msimbazi kwa Simba, akaenda Denmark, akarudi tena, na msimu wa 2017/18 akafunga mabao 20, mfungaji bora, Simba bingwa. Haruna Niyonzima alituacha 2017 akaenda Simba, 2020 akarejea kwetu Jangwani, na alipoondoka 2021 tulimuaga kwa heshima zote. Bernard Morrison naye: bao lake la faulo ndilo lililowazamisha Simba Machi 8, 2020, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amevaa nyekundu ya Simba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, maana nimelifanya mwenyewe. Tukifungwa na watani, mchezaji aliyetoka kwao ndiye wa kwanza kuambiwa kauza mechi. Wengine walikosa mabao ya wazi, kipa alitema mpira, lakini yeye pasi moja ikipotea basi "katumwa". Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kibandani nikapiga kelele hivyo juu ya mchezaji wetu mmoja. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na hasira tu. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akaniuliza, "Mwanangu, umeiona hiyo hela?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi mwache mtoto wa watu."

Tafadhali, neno hilo liache. Mchezaji akicheza vibaya, sema amecheza vibaya; ana haki ya kukosea kama yule aliyekulia kwenye timu yetu ya vijana. Ukimpachika usaliti, kila akikutana na timu yake ya zamani atacheza kwa woga, mpira hataki kukaa nao, na hapo utakuwa umeiumiza Yanga kwa mdomo wako. Wala usimtake awatukane alikotoka. Akiwafunga asishangilie, muache. Kule alikula, alilelewa, alishinda makombe. Anayejua kuheshimu nyumba ya jana ndiye ninayemwamini kwenye nyumba ya leo.

Kuna upande mwingine tunaousahau, wa walioachwa. Jirani yangu ni fundi pikipiki, Simba damu. Chama alikuwa na kikosi chao katika ubingwa wa mara tatu mfululizo, 2019 hadi 2021, na jirani alikuwa na jezi nyekundu yenye jina lake mgongoni. Wiki ile ya usajili nikamkuta gereji ameivaa, jina kalifunika kwa gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia maboksi. Nilikuwa nimejiandaa kumtania mpaka achoke. Nilipoiona ile gundi, utani ukanikauka mdomoni.

Nikamwambia, "Jirani, toa hiyo kitu. Lile bao la Vita lilikuwa lenu, na mimi nilikuwepo, liliniuma. Hakuna anayeweza kuja kulichukua."

Hakujibu. Aliendelea kukaza nati za gurudumu. Jumamosi iliyofuata alipita mbele ya nyumba yangu na jezi ileile, gundi imebanduliwa, imeondoka na herufi ya kwanza, na jina linasomeka HAMA.