Nani alikuwepo kuhesabu? Jinsi tunavyojua VVU vilianza lini

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Niliwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwamba VVU vilianza kuenea kwa binadamu Kinshasa, miaka ya 1920 hivi. Mmoja akauliza: virusi vimegunduliwa 1983, sasa huo mwaka wa 1920 nani alikuwepo kuhesabu? Mwingine akasisitiza kuwa vililetwa na chanjo ya polio. Niwajibu vipi kitaalamu?

JIBU: Marahaba mwalimu. Huyo wa kwanza mpongeze, maana ameuliza kama mtafiti. Kweli hakuna aliyekuwepo. Hesabu tunaisoma ndani ya vinasaba vya virusi vyenyewe.

Jenomu ya VVU, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ni RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, yenye herufi za kikemikali karibu 9,700. Kimeng'enya kinachoinakili hakihakiki kazi yake, hivyo makosa hubaki na kurithiwa. Ukilinganisha virusi kutoka damu iliyochukuliwa miaka tofauti, tarehe zikiwa zinajulikana, utaona makosa yanajikusanya kwa mwendo unaopimika: katika baadhi ya jeni ni kama herufi 2 hadi 3 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Mwendo huo ndio tunaouita saa ya molekuli. Virusi viwili vikiwa na tofauti kubwa, babu yao yuko mbali. Tofauti ikiwa ndogo, yuko karibu.

Saa hiyo ilipata ushahidi mzito kutokana na sampuli mbili za Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Ya kwanza ni damu ya 1959, iliyotolewa kwa ajili ya utafiti usiohusiana kabisa na UKIMWI. Ya pili ni kipande cha tezi ya limfu cha mwanamke mmoja, kilichokatwa 1960, kikatiwa dawa za kukihifadhi kisha kikazamishwa ndani ya nta ya parafini. Dawa hizo huikatakata RNA vibaya sana. Kazi ya maabara ni kuyeyusha nta, kuokota vipande vifupi vifupi vilivyosalia, kuvisoma kimoja kimoja na kuviunga, huku ukijihadhari virusi vya leo visiingie kwenye sampuli. Ni kazi ya subira, na mimi naiheshimu sana.

Timu ya mtafiti Michael Worobey ilipochapisha matokeo 2008, virusi hivyo viwili vilitofautiana kwa karibu asilimia 12. Chukua chaki sasa. Tofauti hiyo imechangiwa na matawi mawili yaliyotoka kwa babu mmoja, kwa hiyo kila tawi lina asilimia 6, sawa na herufi 60 kwa kila 1,000. Gawanya kwa 2.5 kwa mwaka: unapata miaka 24, ukirudi nyuma unafika katikati ya miaka ya 1930. Lakini hesabu ya ubaoni hupunja. Herufi iliyobadilika mara mbili huonekana imebadilika mara moja, na iliyobadilika kisha ikarudi ilivyokuwa haionekani kabisa. Modeli za takwimu zinazofidia hayo, zikiingiza na sampuli nyingine nyingi, zilitoa mwaka wa 1908, ukingo wake, yaani kadirio la chini na la juu, ukiwa 1884 hadi 1924. Uchambuzi wa mtafiti Nuno Faria na wenzake, 2014, ukaja na 1920 hivi. Wafundishe wanafunzi kuutaja na ukingo. Mwaka mmoja mtupu unapotosha.

Mji je? Mahali virusi vilipokaa muda mrefu ndipo aina zake zinapokuwa nyingi zaidi, na kwa kundi M, lililoenea duniani kote, hakuna panapoizidi Kinshasa. Kutoka hapo reli za wakoloni wa Kibelgiji zilibeba watu hadi Mbuji-Mayi na Lubumbashi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 abiria walizidi milioni moja kwa mwaka. Chimbuko lenyewe ni sokwe mtu wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Watafiti walikusanya kinyesi chao msituni, wakakuta virusi vinavyokaribiana na kundi M kuliko vingine vyote. Inaelekea binadamu waliambukizwa kwa damu, wakati wa kuwinda na kuchinja.

Sasa chanjo. Uvumi huu naupinga kwa nguvu zote, maana mtoto anayenyimwa matone ya polio anaweza kupooza maisha yake yote. Majaribio ya chanjo hiyo nchini Kongo yalifanyika kati ya 1957 na 1960. Babu wa kundi M alishakuwemo ndani ya binadamu miongo kadhaa kabla, na sampuli za 1959 na 1960 zilikuwa zimeachana mno kuweza kutoka kwenye chanjo ya juzi. Pia uvumi unadai chanjo ilikuzwa kwenye seli za sokwe mtu wa eneo la Kisangani, Kongo. Virusi vyao vimepimwa, na viko kwenye tawi jingine kabisa la ukoo, mbali na VVU vya binadamu.